Dakika Nane na Sekunde Arobaini

Nyumbani walimwita Kinyaa tangu ana miaka sita, na jina hilo hakuonewa kupewa. Mtoto gani anarudia kuosha kijiko kilichokwisha kuoshwa? Mtoto gani anasusa chakula kwa sababu nzi ametua mezani, si kwenye chakula, mezani tu? Akakua, akasoma, akapata kazi nzuri na mvi mbili tatu za mapema, lakini hakuacha. Alitembea na kikombe chake mkobani, kimefungwa kwa kitambaa cheupe, na popote alipokaribishwa maji alikitoa bila haya mbele ya mwenye nyumba. Watu walitazamana, yeye akamimina.

Kazi yake ilikuwa kuandika programu kwenye kampuni inayotengeneza mashine za kuchemshia vyombo vya zahanati: mikasi, koleo, visu vya kupasulia majipu. Unatia vyombo, unafunga mlango, unabonyeza, mvuke unavipika dakika ishirini, kengele inalia, unavitoa vikiwa safi. Kinyaa alitunza maktaba ya mashine hizo. Si ya vitabu, jamani, ingawa mama yake mpaka leo anawaambia majirani kwamba binti yake anaazimisha vitabu. Ni ghala la vipande vidogo vya programu ambavyo programu nyingine zote huviita zinapovihitaji. Kimoja kinasoma joto. Kimoja kinapiga kengele. Na kimoja, kifupi kuliko vyote, ni cha kulala: programu ikitaka kungoja inakiambia, nilaze sekunde moja, nacho kinailaza na kuiamsha. Mashine ikitaka dakika ishirini inalala sekunde moja moja mara elfu moja na mia mbili, na kila ikiamka inabadilisha namba kwenye kioo chake ili muuguzi aone muda unavyokwenda.

Ofisi yenyewe ilimtia kichefuchefu kila asubuhi ya Mungu. Sinki la jikoni lilikuwa na utando wa kijani ambao ulikuwepo kabla yake na aliamini utabaki baada yake. Kitambaa cha kupangusia vikombe kilikuwa kikisimama chenyewe kikikauka. Na Mkuu wa kazi, mtu mzima mwenye tai na wajukuu, alikuwa na tabia ya kuchokonoa meno kwa kibanio cha karatasi, akakiangalia kilichotoka, kisha akakirudisha kibanio ndani ya kopo la vibanio. Kopo la watu wote! Kinyaa alinunua vibanio vyake akavifungia kwenye droo.

Sasa, alikuwa na dada yake, mkubwa kwake kwa miaka tisa, muuguzi kwenye zahanati ya vyumba vinne nyuma ya soko. Huyu dada ndiye aliyemlea Kinyaa wakati mama yao alipokuwa akishinda kazini. Ndiye aliyekuwa akimwoshea kijiko mara ya pili bila kunung'unika, wakati ndugu wengine wote walimwambia akale kwa mikono au alale njaa. Amekuwa muuguzi miaka ishirini na miwili, na katika zahanati ile kazi ya kuchemsha vyombo ilikuwa yake peke yake. Mashine yenyewe ilikuwa mpya, ya kampuni ile ile ya Kinyaa, imenunuliwa miezi michache nyuma, na ufunguo wa chumba chake alitembea nao shingoni.

Basi mwaka huo, ndani ya mwezi mmoja, vidonda vya watu watatu vilioza. Wa kwanza ni fundi viatu aliyepasuliwa jipu. Wa pili ni mama aliyeshonwa mguu. Wa tatu ni mwalimu aliyetolewa kucha, na huyu kidole chenyewe kilikatwa. Wote walihudumiwa kwa vyombo vilivyotoka mkononi mwa dada. Daktari mwenye zahanati alimwita, akamwambia Alhamisi ya wiki inayofuata kutakuwa na kikao, na kikao kikiona amezembea atanyang'anywa leseni. Mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, hajui kazi nyingine duniani.

Jumapili walikutana kwa mama yao kama kawaida. Dada ndiye aliyepika. Alimpakulia mdogo wake akamwekea mbele, na Kinyaa akaisukuma sahani pembeni kwa ncha ya kidole kimoja.

"Mdogo wangu, huli?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, nawe umeingia sasa hivi?"

Angenyamaza pale, mambo yangepita. Lakini wapi! Alishavuta pumzi ya kusema, na mtu wa aina ile akishavuta pumzi hairudi.

"Unataka niseme, dada? Nitasema. Watu watatu wameoza miili. Watatu! Na mikono iliyoshika vile vyombo ndiyo iliyoshika mwiko wa chakula hiki. Unanitaka nile?"

"We mtoto!" mama yao akamaka.

Dada aliweka mwiko chini taratibu. "Naviweka dakika ishirini. Kila siku. Nasimama pale pale, naangalia kioo cha mashine mpaka kengele inalia. Nimemwapia daktari, na wewe nakuapia."

"Mashine haidanganyi, dada. Mimi ndiye ninayezitengeneza."

Alisema hivyo, kisha akakitoa kikombe chake mkobani, akafungua kitambaa cheupe, akajimiminia maji mbele ya wote. Dada aliichukua ile sahani isiyoguswa, akaenda kuiosha. Kinyaa alimtazama mgongoni, na hata pale, Mungu amsamehe, alichokiona ni kwamba sahani haikusuuzwa vizuri.

Jumanne Mkuu alimwita mezani kwake. Mashine mpya zilikuwa na kasoro. Miezi mitano nyuma kampuni ilibadilisha bodi, yaani ule ubao wa umeme wenye akili ya mashine, ikaweka wa kisasa wenye kasi zaidi, na sasa bodi hizo zilikuwa zinachemka kama pasi hata mashine inapokuwa inangoja tu.

"Ikilala inapaswa kupoa," alisema Mkuu, kibanio kikiwa jinoni. "Sasa inalala halafu inapata joto? Kaangalie hicho kipande chako cha kulala."

"Si changu," Kinyaa alijibu haraka. "Ni cha Majivu."

Majivu ndiye aliyemwachia kazi ile miaka sita iliyopita. Alivuta sigara mezani mchana kutwa, na alipoondoka aliacha kibodi ambayo ukiigeuza inamwaga majivu na kucha. Faili zake zilikuwa kama yeye. Mistari imejazana bila nafasi, vitu vimepewa majina ya matusi, na katikati ya hesabu unakuta mzaha wa chooni aliojiandikia mwenyewe akacheka mwenyewe. Siku ya kwanza Kinyaa alilifungua faili la kulala, akasoma nusu ukurasa, akahisi mate ya kutapika yanamjaa. Akalifunga.

Alichofanya siku hiyo alikuwa akijivunia mpaka Jumanne ile. Aliandika faili jipya, safi, limepangwa, lina jina zuri na maelezo ya adabu. Lilihakikisha kwamba muda ulioombwa si pungufu ya sifuri, si mkubwa kupita kiasi, kila kitu. Na mwisho kabisa, mstari mmoja mfupi: sasa kiite kile cha zamani. Basi. Alikifunika kile kichafu kwa kitambaa cheupe akaenda zake, na kwa miaka sita hakukifunua. Ungemuuliza angekwambia kipande cha kulala kiko sawa, amekiandika upya yeye mwenyewe.

Sasa alilazimika kukifunua. Aliketi wima, akajifuta mikono kana kwamba uchafu ule ungeweza kumwagika kutoka kwenye kioo cha kompyuta, akaanza kusoma. Matusi, mzaha, matusi. Halafu akafika kiini chenyewe, mistari minne.

Loo! Hakikuwa kikilala.

Kipande cha kulala cha mtu mwenye akili kinaenda kwa mfumo unaoendesha mashine, kinauambia, nataka kupumzika, niamshe saa ya ndani ikifika mahali fulani, kisha kinaachia kila kitu. Hiki cha Majivu kilikuwa kinahesabu. Ukikiambia kilale sekunde moja, kinaanza moja, mbili, tatu, nne, mbio mbio, mpaka namba fulani kubwa iliyoandikwa pale kwa mkono, kisha kinasema, haya, sekunde imekwisha. Kilikuwa macho muda wote kinahema. Ndiyo maana bodi ilichemka.

"Mjinga huyu," alisema kwa sauti. "Mchafu, mvivu, mjinga!"

Akaendelea kukunja uso mbele ya ile namba kubwa. Majivu aliipata vipi? Bila shaka alikaa na saa, akajaribu namba hii na ile mpaka moja ikamchukulia kama sekunde. Kwenye bodi ya siku zile. Bodi ya zamani. Ile ya polepole.

Bodi mpya inahesabu haraka zaidi. Itaifikia namba ile ile kabla sekunde haijaisha. Kinyaa alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake, hakugeuka kukiokota.

Chumba cha majaribio kilikuwa mwisho wa ujia, chumba chenye mvuke, ukungu wa kuta na harufu ya soksi mbichi. Alikuwa na kawaida ya kukiogopa. Aliingia, akawasha mashine mpya, akaiweka dakika ishirini kamili, akavua saa yake ya mkononi akailaza juu ya meza iliyolowa. Akasimama.

Kioo cha mashine kilikuwa kitulivu kabisa. Dakika moja, kikasema, na mshale wa saa yake haujafika hata nusu ya mzunguko. Dakika tano. Dakika kumi. Kinahesabu kwa adabu, kwa tarakimu nzuri za kijani, kila moja ni uongo mtupu, maana hata zile namba za kioo zilitegemea kipande kile kile. Mashine ilikuwa inajitolea ushahidi yenyewe. Muuguzi angesimama pale siku nzima na kuangalia kwa macho yote mawili asione kitu. Kengele ikalia: dakika ishirini. Kinyaa akaiangalia saa yake. Dakika nane na sekunde arobaini.

Nane na arobaini. Jipu linapasuliwa, usaha unabaki kwenye maungio ya mkasi, mkasi unapitiwa na mvuke kidogo kama mtu anayeoga kwa kulowesha uso, kisha unaingia kwenye mguu wa mama wa watu.

Akafungua jalada la majaribio lililoning'inia ukutani. Je, hakuna aliyeijaribu mashine hii kabla haijauzwa? Ilijaribiwa vizuri sana, karatasi zote zipo. Ila ofisi ile ilikuwa na mazoea yake: hakuna aliyejaribu kwa dakika ishirini. Nani ana dakika ishirini za kukaa na mvuke? Walikuwa wanaiweka dakika moja, wanachungulia simu zao, kengele inalia, kioo kinasema moja, wanaandika sawa. Dakika moja ilikuwa imegeuka sekunde ishirini na sita na hakuna aliyeshtuka. Chini ya kila karatasi lazima msimamizi wa maktaba asaini kwamba ameshuhudia. Saini yake ilikuwa pale mara kumi na tisa, nzuri, imenyooka, kwa kalamu yake mwenyewe. Alikumbuka alivyozisaini. Alikuwa akisimama mlangoni, leso puani, anakisoma kioo kwa mbali, kwa sababu hakutaka kuingia kwenye kile chumba.

Alifika kwenye sinki la jikoni, lile la utando wa kijani, lile ambalo kwa miaka sita hakuligusa hata kwa kidole, akalishika kwa mikono miwili akatapika. Halafu akafungua bomba, akakinga maji kwa kiganja, akanywa.

Kukiandika upya kulimchukua saa tatu. Hilo ndilo lililomuuma: saa tatu, mistari thelathini na moja. Kipande kinauliza saa ya ndani, ile inayokwenda mbele tu, ambayo hata mtu akibadilisha saa inayoonekana kwenye mashine, yenyewe haina habari. Kinajumlisha muda ulioombwa, kinapata wakati wa kuamka, kinauachia mfumo, kinalala kweli. Na kama kuna kitu kimekishtua katikati, pengine muuguzi amebonyeza kitufe kuangalia joto, hakijidai kimemaliza. Kinaangalia kilichobaki na kurudi kulala. Faili la Majivu alilifuta, herufi kwa herufi. Kisha akakaa ndani ya chumba cha mvuke, mlango umefungwa, akaijaribu kwa dakika ishirini nzima, mara nne, saa yake mezani. Mara zote nne kengele ililia pale mshale ulipofika. Bodi ilikuwa baridi kiasi cha kuiwekea shavu.

Jumatano asubuhi alimweleza Mkuu yote, hakuficha hata saini. Mkuu alisikiliza huku akikizungusha kibanio.

"Umeirekebisha?"

"Nimeirekebisha."

"Basi kazi nzuri. Tunawatumia zahanati zote programu mpya, tunawaambia ni maboresho, bodi sasa haichemki. Mambo yameisha."

"Na vyombo vya miezi mitano?"

"Vyombo gani?"

"Watu wameoza, Mkuu! Kuna muuguzi kesho ananyang'anywa leseni kwa ajili ya mashine yetu!"

"Muuguzi mmoja," Mkuu alisema kwa upole, na ule upole ndio uliochukiza kuliko kitu chochote alichowahi kukiona katika ofisi ile, na alikuwa ameona mengi. "Hapa tuko watu arobaini tunaolea watoto. Usijitie ushujaa. Ukituma barua yoyote, usirudi hapa. Tena saini ni zako, si zangu."

Akampa karatasi za majaribio azihifadhi, zimebanwa kwa kile kibanio, bado kimelowa. Kinyaa alizipokea. Alikwenda mezani kwake, akaandika barua kwa kila zahanati yenye mashine mpya, kwamba tangu siku ziliponunuliwa dakika ishirini zake ni dakika nane na sekunde arobaini, kwamba muuguzi aliyefuata kioo hana kosa, na kwamba aliyeshuhudia majaribio ni yeye, jina lake hili, saini yake hii. Akatuma. Nyingine akaichapa, akaichukua mkononi. Kikombe chake kilikuwa juu ya meza na akakiacha pale.

Dada alikuwa nyumbani, kwa sababu zahanati ilikuwa imemsimamisha mpaka kikao kipite. Alikuwa anapiga pasi sare yake ya kuvaa kesho. Alifungua mlango, hakusema karibu, hakusema ondoka. Kinyaa alimpa barua pale pale kizingitini, na dada akaisoma akiwa amesimama, midomo inatembea. Akaisoma mara mbili. Akaikunja, akaitia mfukoni mwa sare iliyokuwa bado ya moto.

"Daktari ameipata?"

"Nimemtumia. Na kesho nitakuja kikaoni, dada, niseme kwa mdomo wangu."

"Mwalimu amekatwa kidole," dada alisema.

"Najua."

"Nilimshika mkono alipokuwa anakatwa. Alinitukana, nikaona ana haki."

"Dada, nisamehe."

"Kaa."

Alikaa kwenye kiti cha jikoni. Kulikuwa na makombo mezani na hakuyapangusa. Dada alifungua kabati, akatoa kikombe cha bati, akakitia ndani ya sufuria ya maji, akawasha jiko, akafunika. Maji yakaanza kutokota.

"Nipe saa yako."

Kinyaa aliivua akampa. Dada aliishika karibu na uso, kama anavyoshika saa ya kuhesabia mapigo ya moyo ya mgonjwa, akawa anaangalia mshale. Sufuria ilichemka. Nje kuna mtu alikuwa anaita watoto wake waje kuoga. Kinyaa alijaribu kusema neno mara mbili, na mara zote mbili dada aliinua kidole bila kuondoa macho kwenye saa.

Kisha akazima jiko. Akakitoa kikombe kwa koleo, akakijaza maji ya mtungi, akakiweka mezani juu ya makombo.

"Tayari. Kunywa."

Kinyaa aliitazama saa mkononi mwa dada yake. "Dada, bado. Ni dakika nane na..."

"Tayari, mdogo wangu," dada alisema. "Mashine haidanganyi."

Kinyaa alikishika kikombe. Bati lilikuwa bado la moto likamuunguza vidole, na ukingoni kulikuwa na alama ya mdomo wa mtu mwingine. Akakiinua, akanywa yote.